Chungwa, Hamira na Asubuhi ya Jumapili: Historia ya Skonzi ya Machungwa Nchini Marekani

Skonzi ya machungwa ni mkate mdogo laini wa ngano, uliokandwa kwa hamira, maziwa, mayai na siagi, ambao husukumwa bapa, hupakwa siagi na sukari iliyochanganywa na ganda la chungwa lililokunwa, huviringishwa kama jamvi, hukatwa vipande na kuokwa katika trei moja vipande vikiwa vimebanana, kisha humiminiwa uji mzito wa sukari na maji ya chungwa mkate ungali moto. Nchini Marekani, ambako mkate huu ulipata umbo lake la sasa na ambako huliwa zaidi asubuhi za Jumapili na za sikukuu, wengi huuhesabu kuwa kielelezo cha chakula cha nyumbani, mapishi ya bibi yaliyorithiwa na mama. Historia yake ina mengi ambayo sifa hiyo huyaficha, kwa kuwa chungwa lilifikishwa jikoni na reli, hamira ilitoka kiwandani, na hata saa ya kuuandaa mezani ilipendekezwa kwanza na mwandishi wa jarida. Cha nyumbani kwa hakika ni mikono iliyoukanda.

Umbo la kuviringisha ndilo lililo kongwe kuliko vyote. Wajerumani walikuwa na mikate mitamu iliyozungushwa waliyoiita Schnecken, yaani konokono, na wahamiaji wao waliokaa Pennsylvania tangu karne ya 18 waliieneza hadi ikawa alama ya mji wa Philadelphia; Waingereza nao walikuwa na mkate wa kuviringishwa wenye zabibu kavu uliouzwa Chelsea, kando ya London, katika duka lililovunjwa mwaka 1839. Katika jamii hizo zote kiungo cha harufu kilikuwa mdalasini au zabibu kavu, na sababu yake ni rahisi, kwani vitu hivyo husafiri vikiwa vikavu na hukaa kabatini miezi mingi bila kuharibika. Chungwa bichi halikai hivyo. Kwa mwokaji wa Ohio au Iowa katikati ya karne ya 19, chungwa lilikuwa tunda la Krismasi, ambalo mtoto aliweza kulikuta moja tu ndani ya soksi ya zawadi, wala hapakuwa na mpishi ambaye angethubutu kukuna maganda ya matano au sita kwa ajili ya mkate wa asubuhi.

Mchungwa wenyewe si mwenyeji wa Amerika. Jamii ya mimea inayojumuisha chungwa, ndimu, limau, balungi na chenza ina asili yake kusini mashariki mwa vilima vya Himalaya, na chungwa tamu ni chotara wa balungi na chenza, kama lilivyo danzi, yaani chungwa chungu. Waarabu waliyasambaza matunda haya hadi Sisili na Hispania, na biashara ya Bahari ya Hindi ikayafikisha Pwani ya Afrika Mashariki mapema vya kutosha kiasi kwamba Vasco da Gama, alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498, alipelekewa na mfalme wa mji huo kondoo, machungwa, ndimu na miwa; na aliporejea Malindi kutoka India mwezi Januari 1499, mabaharia wake wakiwa hoi kwa kiseyeye, ambacho ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, kitu walichokitamani zaidi kutoka nchi kavu kilikuwa machungwa. Miaka michache kabla ya hapo, katika safari yake ya pili ya mwaka 1493, Christopher Columbus alikwisha kubeba mbegu za jamii hiyo kutoka Visiwa vya Kanari hadi kisiwa cha Hispaniola, na Wahispania wakaiotesha Florida katika karne ya 16, na baadaye California kwenye bustani za misheni. Kwa hiyo mwaka 1800 Amerika ilikuwa na michungwa, lakini ilikuwa miti ya pembezoni, iliyozaa matunda yenye mbegu nyingi na yasiyo na njia ya kufika sokoni.

Mabadiliko yalianza kwa mti mmoja wa Bahia, nchini Brazili, uliozaa machungwa yasiyo na mbegu yenye alama kama kitovu upande wa chini, alama ambayo kwa hakika ni tunda dogo la pili lililodumaa ndani ya lile kubwa. Mti usio na mbegu huzalishwa kwa kubebeshwa, yaani kikonyo chake kuunganishwa kwenye shina la mti mwingine, na kwa njia hiyo kila chungwa la kitovu lililoko duniani leo ni sehemu ya mti uleule. Mwaka 1870 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipokea miche 12 kutoka Bahia, na mwaka 1873 mkulima mmoja wa Riverside, California, aitwaye Eliza Tibbets, alipata miche miwili iliyotokana na hiyo. Ardhi kavu ya Riverside, maji ya mifereji na usiku wa baridi viliifaa miti hiyo kuliko hata kwao Brazili. Baridi hiyo ya usiku ndiyo iliyoyapa matunda rangi kali ya machungwa, jambo ambalo msomaji wa Muheza au wa Kwale anaweza kulistaajabia, kwa kuwa katika nchi za joto chungwa huiva na kuliwa likiwa na ganda la kijani bila mtu kuona dosari yoyote. Rangi ni kazi ya baridi, wala si dalili ya utamu, lakini wauzaji wa California waliigeuza kuwa dalili ya utamu na wakafanikiwa.

Reli iliyounganisha bahari mbili za Marekani ilikamilika mwaka 1869, na mwaka 1877 behewa la kwanza lililojaa machungwa liliondoka Los Angeles kwenda St. Louis, safari iliyochukua takribani mwezi mzima. Mabehewa ya barafu yalipoenea katika miongo iliyofuata, mazao yalizidi uwezo wa soko, na wakulima, waliokuwa wakipunjwa na madalali, waliunda mwaka 1893 ushirika ambao mwaka 1908 ulianza kuyauza machungwa yake kwa jina la Sunkist. Ushirika huo ulitambua kwamba mtu akila chungwa moja bichi hushiba, ila akilikamua atahitaji mawili au matatu, na akilitia katika mapishi atahitaji zaidi. Ndiyo maana mwaka 1916 ulianzisha kampeni mashuhuri ya kuwahimiza watu wanywe machungwa, ukauza vikamulio vya kioo kwa bei ya chini, na ukachapisha vijitabu vya mapishi vilivyomfundisha mama wa nyumbani kulitia tunda hilo katika keki, saladi, sosi na mikate. Mapishi mengi ambayo leo huitwa ya kale yalizaliwa katika miongo hiyo, kutokana na hesabu ya watu waliokuwa na maghala ya kumaliza.

Machungwa yale yalichumwa na watu ambao picha zilizobandikwa kwenye makasha hazikuwaonyesha. Wachina, Wajapani, Wafilipino na hasa Wameksiko walipanda ngazi na mikoba mizito begani, wakilipwa kwa kasha, huku wanawake wakipanga na kufunga matunda kwa karatasi laini katika maghala. Na mwezi Juni 1936, maelfu ya wachumaji wenye asili ya Meksiko walipogoma katika kaunti iliyopewa jina la tunda hilohilo, Orange County, walijibiwa kwa kukamatwa kwa wingi na kwa vitisho vya wenye silaha.

Hamira ina historia ya namna hiyo. Kabla ya mwaka 1868, mwokaji wa nyumbani aliomba povu la pombe kwa mtengeneza bia, au alichachusha viazi na maua ya mmea wa hopsi katika mtungi uliohitaji kulishwa kama mtoto, na mara nyingi mkate ulitoka na uchungu au uchachu ambao sukari haikuweza kuuficha. Mwaka huo ndugu wa ukoo wa Fleischmann, waliotoka milki ya Austria na Hungaria, walianza kutengeneza hamira iliyokandamizwa kuwa vipande mjini Cincinnati, na kwenye maonyesho ya mwaka 1876 mjini Philadelphia waliendesha tanuri la mikate ya Vienna ambalo watazamaji waliliona, walilinusa na kulikumbuka. Wakati huohuo vinu vya Minneapolis vilikuwa vikiacha mawe na kutumia mitambo ya vyuma, vikatoa unga mweupe wa ngano ngumu wenye gluteni nyingi, yaani utomvu wa protini unaouwezesha unga uliokandwa kuvutika na kushika hewa. Hamira kavu ya chenga, inayokaa kabatini bila barafu, ilikuja baadaye sana, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili askari waweze kuoka mkate mbali na viwanda.

Umuhimu wa hamira yenye nguvu hauonekani mpaka mtu aelewe jinsi mkate mtamu unavyopingana nayo. Sukari nyingi hufyonza maji ambayo hamira inayahitaji, siagi hufunika nyuzi za gluteni na kuzizuia zisiungane upesi, na mayai huuongezea unga uzito. Kwa hiyo mkate wa aina hii huumuka polepole, na kwa hamira dhaifu ya zamani ungeweza kulala siku nzima bila kuinuka, jambo ambalo mpishi yeyote wa mahamri aliyewahi kununua hamira iliyokwisha nguvu analifahamu bila kufundishwa. Chungwa nalo lina siri yake. Maji yake, ambayo ndiyo yanayonywewa, hupoteza harufu yakiokwa na huacha uchachu mdogo tu, ilhali ganda la juu lenye rangi limejaa vijifuko vya mafuta ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni limonini, kemikali yenye harufu inayotambulika kuwa ya chungwa. Ndiyo sababu waokaji stadi hukwepa sehemu nyeupe iliyo chini ya rangi, ambayo ni chungu, na huanza kwa kulisugua ganda lililokunwa pamoja na sukari kwa ncha za vidole mpaka sukari ilowe na kunukia, kisha ndipo huongeza siagi. Maji ya chungwa huwekwa akiba kwa ajili ya uji wa juu, usiopikwa.

Wakati wa kula ulibuniwa Uingereza. Mwaka 1895 Guy Beringer aliandika katika jarida la Hunter's Weekly makala ya kutetea mlo mpya wa Jumapili, uliowafaa zaidi waliokesha Jumamosi, ambao ungeanza karibu na adhuhuri kwa chai na vitu vitamu kabla ya vyakula vizito, na akauita kwa neno lililounganisha mwanzo wa jina la Kiingereza la kifungua kinywa na mwisho wa jina la chakula cha mchana, neno ambalo kwa matamshi ya Kiswahili laweza kuandikwa branchi. Jina hilo lilichukuliwa kwanza kama utani wa wanafunzi, lakini lilipovuka bahari na kuingia katika hoteli za Marekani baina ya vita viwili vikuu, lilikuta jamii ambamo kwenda kanisani Jumapili kulianza kupungua na kulala hadi saa nne hakukuwa tena aibu. Jokofu la umeme, lililoenea majumbani katika miaka ya 1930, lilikamilisha mpango, kwa kuwa skonzi ziliweza kukandwa, kuviringishwa na kukatwa Jumamosi usiku, zikaumuka polepole ndani ya ubaridi, na kuokwa wakati wageni wakivua makoti.

Si ajabu kwamba sifa kubwa ya mkate huu iko mbali na mashamba yake. Katika mji wa Cullman, kaskazini mwa Alabama, ulioasisiwa na wahamiaji Wajerumani mwaka 1873, mahali ambapo baridi hairuhusu michungwa kustawi, mkahawa uitwao All Steak, ambao jina lake linaahidi nyama tu, umejulikana kwa vizazi kwa skonzi zake za machungwa. Upande mwingine wa soko, mwokaji wa Louisville aitwaye Lively Willoughby alipata mwaka 1931 hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kufungia unga uliokwisha kukandwa ndani ya mkebe wa karatasi ngumu unaokaa kwenye ubaridi; haki hiyo ikauzwa kwa kampuni ya Ballard & Ballard, ambayo ilinunuliwa na Pillsbury mwaka 1951, na baadaye mikebe ikawa na skonzi za machungwa pamoja na kikopo cha mpako wake. Mkebe huo hupasuka kwa kishindo ukigongwa ukingoni mwa meza, na kwa watoto wengi wa Marekani kishindo hicho ndicho kilichoitangaza Jumapili. Mtu anaweza kuubeza, ingawa ni vigumu kueleza ni kwa nini unga wa mkebeni si wa nyumbani ilhali hamira ya Cincinnati ni ya nyumbani.

Hata kifaa cha kukunia kilitoka kwingine: kikunio chembamba cha chuma kilichoenea jikoni tangu miaka ya 1990 kilitengenezwa Arkansas kwa ajili ya maseremala, mpaka mwaka 1994 mwanamke mmoja wa Kanada, ambaye familia yake iliuza zana za mbao, alipochoshwa na kikunio chake butu alipokuwa akiandaa keki ya machungwa ya Kiarmenia, akachukua tupa ile mpya ya dukani na kuona ganda likianguka kama theluji.

Machungwa yenyewe sasa yako hatarini. Ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani, ambao huacha matunda yakiwa madogo, ya kijani na machungu, ulionekana Florida mwaka 2005, na mavuno ya machungwa ya jimbo hilo, yaliyofikia makasha milioni 242 katika msimu wa 2003 hadi 2004, yalishuka chini ya milioni 16 katika msimu wa 2022 hadi 2023. California iliupata mwaka 2012. Mmoja wa michungwa miwili ya Eliza Tibbets ungali unazaa Riverside, kwenye makutano ya barabara mbili zenye magari mengi. Mwaka 1918, mizizi yake ilipoanza kuoza, wataalamu waliubebesha miche michanga iliyouchukulia maji kwa mizizi yake mipya, na siku hizi umezungushiwa wavu mwembamba ili mdudu yule asiufikie.