David Kinjah

David Kinjah ni mwendesha baiskeli wa mbio, kocha na fundi wa baiskeli kutoka nchini Kenya. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Safari Simbaz, kundi la vijana waendesha baiskeli lenye makao nyumbani kwake karibu na mji wa Kikuyu, kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Anajulikana pia kama mwalimu wa kwanza wa Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne. Katika maisha yake mapenzi ya baiskeli hayakubaki kuwa mchezo wa siku za mapumziko, bali yaliamua kazi yake, matumizi ya nyumba yake na watu anaoishi nao.

Baiskeli ya kazi na baiskeli ya mbio

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huijua baiskeli kwanza kama chombo cha kazi. Hubeba maziwa, mikate, magunia ya mkaa na madumu ya maji. Katika soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, wachuuzi hufunga samaki nyuma ya baiskeli na kuwapeleka mitaani. Baiskeli ya aina hiyo ina fremu nzito ya chuma na mara nyingi haina gia. Nchini Kenya huitwa "Black Mamba".

Baiskeli ya mbio za barabarani ni tofauti. Ni nyepesi, ina matairi membamba yaliyojazwa upepo mwingi, usukani uliopinda kwenda chini na gia nyingi za kupandia milima. Bei yake ni kubwa na vipuri vyake huagizwa kutoka nje. Kwa sababu hiyo kijana mwenye miguu yenye nguvu na mapafu mazuri anaweza kukosa nafasi kwa kukosa tu chombo cha kushindania.

Ingawa mshindi ni mmoja, mbio hizi huendeshwa kwa timu. Anayetangulia hukata upepo, na anayemfuata kwa karibu huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Waendeshaji hujifunza kukaa karibu sana na gurudumu la mwenzao bila kuligusa, kupokezana zamu ya mbele na kumvuta aliyechoka. Mambo hayo hayafundishiki kwa mtu mmoja peke yake. Lazima liwepo kundi.

Mashindano

Kinjah aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kimataifa, yakiwemo Michezo ya Jumuiya ya Madola, na alikuwa nahodha wa timu ya taifa. Mwaka 2002 alijiunga na timu ya kulipwa ya Italia iliyoitwa Index-Alexia. Wakati huo ilikuwa nadra sana kwa Mwafrika mweusi kupata nafasi katika timu ya Ulaya. Mwaka huohuo Paolo Savoldelli wa timu hiyo alishinda Giro d'Italia, lakini mwisho wa msimu timu ilivunjwa. Kinjah aliendelea kushindana, katika barabara na katika njia za milimani, akiwa na makao yake Kikuyu.

Safari Simbaz

Safari Simbaz ilianza na watoto wa jirani waliovutiwa na baiskeli za Kinjah. Nyumba yake ya bati ikawa karakana, bweni na shule kwa pamoja. Watoto hujifunza kuziba pancha, kunyoosha gurudumu lililopinda, kubadilisha mnyororo na kurekebisha breki na gia. Baiskeli nyingi huundwa kwa kuunganisha vipuri vilivyokwisha kutumika.

Ufundi huo ni sehemu muhimu ya mafunzo. Wachache sana kati ya vijana hao wanaweza kutarajia kuishi kwa mbio, lakini anayejua kutengeneza baiskeli ana kazi ya mikono hata kama hajashinda shindano lolote.

Eneo lenyewe linafaa kwa mazoezi. Kikuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Si mbali na hapo zipo barabara za kupanda kuelekea Limuru na vilima vya Ngong, na za kuteremka katika Bonde la Ufa.

Kinjah na Chris Froome

Chris Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, mtoto wa wazazi wenye asili ya Uingereza. Mama yake, Jane, ndiye aliyempeleka kwa Kinjah alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Mara nyingi Froome alikuwa mzungu pekee kundini. Alifanya mazoezi na vijana wa Kikuyu, akala nao na kulala katika nyumba ileile. Baadaye alihamia Afrika Kusini kwa masomo.

Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi wake waliiwakilisha Kenya pamoja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, Australia. Froome alimaliza wa 17 katika mbio za kushindana na saa. Mwaka 2008, ambao pia ndio mwaka aliofariki mama yake, alihamishia leseni yake ya mbio Uingereza. Alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Ushindi huo ulileta fahari na pia masikitiko nchini Kenya, kwa kuwa ulipatikana chini ya bendera nyingine. Froome alikuwa na njia ya kupata leseni ya nchi yenye shirikisho lenye uwezo na timu kubwa. Wenzake wengi waliopanda naye milima ileile hawakuwa na njia hiyo.

Umuhimu

Baada ya kizazi cha Kinjah, Wakenya wengine walifika mbele. Suleiman Kangangi alishika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Alifariki Agosti 2022 kwa ajali akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Kinjah mwenyewe hakuwahi kushiriki Tour de France. Mchango wake mkubwa ni kuonyesha kwamba bingwa wa dunia nzima anaweza kuanzia katika karakana ya kijijini, na kuiacha karakana hiyo wazi kwa watoto waliokuja baadaye.