Pikapu iliyoinuliwa: namna ya kubaini chanzo cha mtikisiko wa propela shafti

UGWENO ni tarafa iliyo juu ya milima ya Pare Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga mkoani Kilimanjaro. Kilele cha Kindoroko, kilicho katika safu hiyo, kina urefu wa zaidi ya meta 2,100 kutoka usawa wa bahari. Njia nyingi za vijijini huko ni za udongo na mawe, zenye miteremko mikali, na kila masika maji huzichimba makorongo. Hali ni hiyo hiyo upande wa Pare Kusini, wilayani Same, ambako tangawizi ya Mamba Miamba hushushwa kutoka milimani kwa magari.

Katika mazingira hayo pikapu ndiyo gari la kazi. Hubeba ndizi, kahawa, saruji na mara nyingi abiria pia. Ili isigonge mawe kwa tumbo, na ili ihimili mizigo, wamiliki wengi huiinua: wengine huongeza majani ya springi, wengine huweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, na wengine hurefusha vishikizo vya springi vilivyo kwenye chesisi.

Baada ya kazi hiyo gari hupanda mlima bila shida. Tatizo hujitokeza siku linaposhuka hadi barabara kuu ya lami kati ya Same na Moshi. Likifika mwendo wa kilometa 60 au 80 kwa saa, sakafu huanza kuvuma na viti hutetemeka. Dereva hupunguza mwendo, mvumo hutoweka, naye hudhani kuwa ni tairi. Kesho yake gari hurudi mlimani.

Hapo ndipo ilipo hatari. Lami ndiyo huonyesha ugonjwa kwa sababu mwendo ni mkubwa, lakini kiungio kilichochoka hukatika mahali penye mzigo mzito na mwinuko mkali, yaani mlimani.

Propela shafti hufanya nini?

Propela shafti ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi au transfa hadi kwenye difu. Kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka kila gari linapopita kwenye shimo, bomba hilo haliwezi kufungwa kwa bolti pekee. Kila mwisho wake una kiungio chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Kiungio cha namna hii huhusishwa na majina ya Gerolamo Cardano wa Italia, aliyeishi karne ya 16, na Robert Hooke wa Uingereza, aliyeishi karne ya 17.

Krosi ina kasoro moja ya asili. Ikizungushwa huku imepinda, upande unaopokea nguvu hauzunguki kwa mwendo sawasawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Pembe ikiwa nyuzi 3, tofauti hiyo ni ndogo mno, takriban sehemu moja na nusu katika elfu. Pembe ikifika nyuzi 10, tofauti huwa asilimia 1.5 kila upande. Na ikifika nyuzi 20 huwa zaidi ya asilimia 6.

Watengenezaji huiondoa kasoro hiyo kwa kutumia krosi mbili. Pembe ya krosi ya mbele ikilingana na ya krosi ya nyuma, na uma za ncha mbili za bomba zikielekea upande mmoja, kuharakisha kwa moja hufutwa na kuchelewa kwa nyingine. Kuinua gari huvuruga mapatano hayo.

Hesabu ifuatayo huonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tairi yenye mzingo wa meta 2.3 huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde gari likiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Difu yenye uwiano wa 4.1 huilazimu propela shafti kuzunguka karibu mara 40 kwa sekunde. Kwa kuwa krosi husukuma mara mbili katika kila mzunguko, gari hupigwa karibu mara 80 kwa sekunde.

Kutofautisha na magonjwa mengine

Jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba tatizo si injini. Gari lisimamishwe mahali tambarare, kisha injini ipandishwe hadi mzunguko ule ule uliokuwapo wakati wa mtikisiko. Mtikisiko ukijitokeza gari likiwa limesimama, propela haina kosa. Zikaguliwe raba za injini na giaboksi.

Jambo la pili ni tairi. Tairi isiyo na uzani sawa au rimu iliyopinda hutikisa polepole, na za mbele hujulikana zaidi kwenye usukani. Mtikisiko wa propela ni wa haraka, hufanana na mvumo, na husikika sakafuni na kwenye kiti. Kubadilisha gia bila kubadilisha mwendo wa gari hakuuondoi, kwa kuwa propela huzunguka kwa kufuata mwendo wa magurudumu.

Jambo la tatu ni wakati unapotokea. Ukitokea gari linapoondoka kutoka kusimama, kisha ukaisha, na propela ikiwa ya vipande viwili, beringi ya kati na pembe ya krosi iliyo karibu nayo ndizo za kuchunguzwa kwanza. Ukitokea dereva anapokanyaga mafuta tu, huenda pua ya difu inainuka kupita kiasi, kwa maana nguvu ya injini huisukuma juu. Vipande vya chuma virefu chini ya springi huzidisha kuinuka huko, na kuvipanga kimoja juu ya kingine ni hatari.

Jambo la nne ni mzigo. Gari likivuma likiwa tupu na kutulia likipakiwa, pembe ndiyo mshukiwa mkuu. Majani yaliyoongezwa huliinua juu sana likiwa tupu, na mzigo hulirudisha karibu na kimo chake cha awali. Likivuma daima, tupu au na mzigo, propela yenyewe huenda imepinda, imepoteza kibati chake cha uzani au imeshika tope gumu.

Ukaguzi chini ya gari

Gari lizimwe, liwekwe mahali tambarare na magurudumu yake yazuiwe kwa vigingi. Ukaguzi huanza kwa mkono. Propela ishikwe karibu na kila krosi, isukumwe juu na chini, kisha izungushwe kulia na kushoto. Krosi nzima hailegei hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vyake ni dalili kwamba grisi imekwisha ndani.

Kisha iangaliwe sehemu ya kuteleza, yaani ile yenye meno inayoruhusu propela kurefuka na kufupika. Gari likiinuliwa, propela hulazimika kurefuka, na meno yanayoshikana hupungua. Yakibaki machache mno, shafti hucheza, na katika shimo kubwa huweza kuchomoka.

Kosa linalotokea mara nyingi gereji ni kuichomoa sehemu hiyo kwa ajili ya grisi na kuirudisha ikiwa imeruka meno. Uma za mbele na za nyuma haziwi tena upande mmoja, na gari lililokuwa zima huanza kuvuma siku hiyo hiyo. Dawa ni kuweka alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kufungua.

Kupima pembe

Kipimo cha mwinamo chenye sumaku hutosha, na simu ya mkononi yenye programu ya kupimia mwinamo huweza kutumika ikiwekwa juu ya uso ulionyooka. Vipimo vitatu vinahitajika: mwinamo wa transfa inapotoka shafti, mwinamo wa propela na mwinamo wa pua ya difu. Gari lipimwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likiwa na uzito ambao hubeba kwa kawaida. Kupima likiwa limening'inizwa kwenye jeki hutoa majibu ya uongo.

Mfano: transfa imeinama nyuzi 4, propela nyuzi 10 na difu nyuzi 4, zote kuelekea upande mmoja. Krosi ya mbele ina pembe ya nyuzi 6 na ya nyuma nyuzi 6. Zinalingana, hivyo mvumo huweza kuwa mdogo, lakini krosi hufanya kazi nzito na hazitadumu. Vishikizo vya springi vikirefushwa na pua ya difu ikapanda hadi nyuzi 8, krosi ya nyuma hubaki na nyuzi 2 dhidi ya 6 za mbele. Tofauti hiyo ya nyuzi 4 haifutiki, na gari litatikisika.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba pembe ya kila krosi isizidi sana nyuzi 3, na tofauti kati ya hizo mbili isizidi nyuzi 1. Pembe isiwe sifuri kabisa, kwa kuwa roli ndogo zilizo ndani ya krosi huhitaji kuzunguka kidogo ili zisichimbe mahali pamoja.

Tiba

Pua ya difu hurekebishwa kwa kabari za chuma zinazofungwa kati ya springi na ekseli. Beringi ya kati hushushwa kwa vipande vya kuitenga na chesisi. Sehemu ya kuteleza ikiwa imefupika, propela hurefushwa. Pembe ikiwa kubwa mno, hutumika propela yenye krosi mbili zilizounganishwa upande wa transfa; katika muundo huo pua ya difu huelekezwa moja kwa moja kwenye propela. Wakati mwingine tiba nafuu kuliko zote ni kupunguza kimo kilichoongezwa.

Ugweno ilisifika kwa uhunzi kabla ya ukoloni, na chuma chake kilitafutwa na majirani wa Uchaga. Mafundi wa kuchomelea hawakosekani leo pia. Hata hivyo, propela iliyokatwa na kuunganishwa haina budi kunyooshwa na kusawazishwa uzani kwa mashine. Jicho la fundi, hata awe hodari namna gani, haliwezi kuona kasoro ya gramu chache katika chombo kinachozunguka mara 40 kwa sekunde.

Kwa nini lisicheleweshwe

Propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake huanguka na kuweza kuchimba ardhi au kupiga mabomba ya breki na mafuta. Pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee hupoteza papo hapo msaada wa injini katika kuzuia mwendo mteremkoni.

Land Rover nyingi za zamani, ikiwamo Defender ya muundo uliokoma kutengenezwa mwaka 2016, zina hatari ya ziada. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti ya nyuma pale inapotoka kwenye transfa. Propela ya nyuma ikikatika, breki hiyo haiwezi kutegemewa kulishikilia gari mlimani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Kwa gari lililoinuliwa, krosi na bolti za propela zinastahili kukaguliwa kila linapotiwa grisi, na gari linalovuma lisipakie abiria wa kupanda mlima kabla pembe zake hazijapimwa.