Siku 13 za Ukimya



Juma hili twaomba radhi mapema. Katika tafakari zetu tumezoea kuchota visa kutoka katika maisha ya watakatifu na historia ya Kanisa, lakini safari hii tunakwenda mahali ambapo wachache wangetarajia kumkuta padre: kwenye mbio za magari ya langalanga, zile zinazoitwa Formula 1. Hatuendi huko kutafuta burudani. Tunakwenda kwa sababu ya swali ambalo tumelikuta mara nyingi zaidi kando ya vitanda vya wagonjwa kuliko viwanjani: watu wawili wa nyumba moja wakikosana, ni nani anayepaswa kutangulia kusema neno, na je, anayo hakika kwamba muda wa kulisema bado upo?

Wasomaji waliokulia karibu na barabara za Safari Rally wanazijua mbio ambazo kila gari huondoka kwa zamu yake na kushindana na saa. Langalanga si hivyo. Magari yote huanza pamoja na kuzunguka njia moja mara nyingi, na kwa kawaida kila timu huleta magari mawili. Madereva wawili wa timu moja huvaa nguo za rangi moja, hula meza moja, na magari yao hutoka katika karakana moja. Hapo ndipo penye mtego. Dereva akishindwa na mtu wa timu nyingine, aweza kusema kwamba yule alikuwa na gari bora. Akishindwa na mwenzake mwenye gari kama lake, hana pa kujificha. Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye kila dereva hutamani kumshinda ni yule anayeitwa mwenzake. Wahenga walikwisha kusema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wenyewe hatujapata kuona kwaya ya kigango ikiionea wivu kwaya ya Papa kule Roma. Huionea wivu kwaya ya Misa ya pili.

Gilles Villeneuve alizaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, akakulia katika mji mdogo wa Berthierville. Kabla ya magari alishindana katika mbio za pikipiki za theluji, na huko alijifunza kwenda kwa kasi mahali asipoona vizuri mbele yake. Mwishoni mwa mwaka 1977 aliingia katika timu ya Ferrari ya Italia. Watu walimpenda kwa sababu hakujua kuendesha nusunusu. Tunalotaka lishikwe hapa, hata hivyo, si kasi yake bali utii wake. Mwaka 1979 dereva mwenzake alikuwa Jody Scheckter wa Afrika Kusini. Katika mbio za Monza, mwezi Septemba, Scheckter alitangulia na Villeneuve akamfuata hadi mwisho. Kumpita kungemweka karibu na ubingwa wa dunia, lakini maagizo ya timu yalikuwa asimpite, naye hakumpita. Scheckter akawa bingwa kwa pointi 51, Villeneuve akawa wa pili kwa pointi 47. Alitoa neno lake na akalitunza, akiamini kwamba zamu yake itakuja na kwamba siku hiyo mwingine naye atamtunzia yeye neno.

Mwaka 1981 Scheckter alikuwa amestaafu, na mahali pake akaja Mfaransa Didier Pironi, mzaliwa wa mwaka 1952. Alikuwa mtu mtulivu, msomi, mwenye kiu kubwa ya ushindi aliyoifunika kwa tabasamu. Mwaka 1978 alikuwa ameshinda mbio za saa 24 za Le Mans. Villeneuve alimpokea vizuri, na wawili hao wakawa marafiki.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 25 Aprili 1982, Dominika ya tatu ya Pasaka, katika mji wa Imola nchini Italia. Mwaka ule wakuu wa mchezo na timu nyingi, hasa za Uingereza, walikuwa katika mvutano mkali, hata timu hizo zikazisusia mbio hizo. Yakaanza magari 14 tu. Magari mawili ya Renault yaliyotarajiwa kusumbua yaliharibika moja baada ya jingine, na baada ya mzunguko wa 44 kati ya 60 mbele yakabaki magari mawili mekundu ya Ferrari: Villeneuve wa kwanza, Pironi wa pili, na wengine mbali sana nyuma. Viongozi wa timu, wakihofia petroli isije ikaisha, waliwaonyesha madereva ubao wenye neno moja la Kiingereza lenye maana ya kupunguza mwendo.

Neno moja tu, ndugu zangu! Villeneuve alilisoma kama lilivyosomwa siku zote katika nyumba ile: punguzeni mwendo, kila mtu abaki mahali alipo, kama yeye alivyobaki kule Monza. Pironi alilisoma kama lilivyoandikwa. Villeneuve alipoteleza kidogo katika kona moja, Pironi akampita. Villeneuve alifikiri mwenzake anawachezea watazamaji ili wasichoke. Akampita tena, akapunguza mwendo kama alivyoagizwa. Pironi akampita tena. Karibu na mwisho Villeneuve alirudi mbele kwenye kona iitwayo Tosa, akaanza mzunguko wa mwisho bila kujilinda, kwa kuwa kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Wakielekea Tosa kwa mara ya mwisho, Pironi akapenya, akashinda kwa chini ya nusu sekunde.

Picha za jukwaani bado zipo. Pironi anashangilia, na Villeneuve anatazama kama mtu aliyeibiwa katika nyumba yake mwenyewe. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba hatazungumza na Pironi tena kamwe. Mzee Enzo Ferrari, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alitoa tamko lililoonyesha kwamba anauelewa uchungu wa Villeneuve.

Haki inatudai tumsikilize Pironi pia. Yeye alishikilia kwamba hakuna aliyemwambia asimpite mwenzake, na kwamba ubao ulisema mwendo tu, haukusema nafasi. Kwa herufi alikuwa sawa. Hatumwoni kuwa Yuda, na tunawashangaa wanaomsimulia hivyo mpaka leo. Kuna dhambi nyingine, ya kawaida zaidi na inayotuhusu wengi zaidi: ile ya kusimama juu ya maneno yaliyotamkwa huku ukijua fika mwenzako ameelewa nini. Tumeiona katika mirathi, na tumeiona katika mikopo ya vikundi ndani ya jumuiya ndogondogo. Mtu husema, “Mimi sikuapa,” na kweli hakuapa. Lawama nyingine tungewapa wenye timu, walioacha ubao wa neno moja ubebe jambo ambalo wangelisema waziwazi mezani asubuhi ile. Viongozi wa parokia, nasi tukiwemo, tunaujua udhaifu huo.

Villeneuve ndiye aliyekosewa. Hata hivyo hapa tunathubutu kusema jambo lisilopendwa na mashabiki wake, kwamba nadhiri ya ukimya haikuwa dawa. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, hawakatazi kukasirika. Anawakataza kulala na hasira hiyo. Villeneuve alilala nayo usiku 13.

Jumamosi ya tarehe 8 Mei 1982 walikuwa Zolder, nchini Ubelgiji, katika majaribio ya kutafuta nafasi za kuanzia. Mkewe, Joann, hakusafiri naye. Alibaki nyumbani Monaco kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza ya binti yao Mélanie. Tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulikifunga kitabu kwa muda. Katika nyumba hiyo mtoto alikuwa akiandaliwa kukaribia meza ya Bwana, meza ile ambayo Injili ya Mathayo inatuagiza tuiache sadaka yetu mbele yake kwanza, twende tukapatane na ndugu, ndipo turudi. Na baba yake wakati huohuo alikuwa akimfukuza ndugu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Pironi alikuwa mbele ya Villeneuve kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Villeneuve akatoka tena. Mbele yake akalikuta gari la Mjerumani Jochen Mass likienda taratibu. Mass alimwona, akasogea kulia ili ampishe. Villeneuve naye akachagua kulia. Gurudumu likapanda juu ya gurudumu, gari likaruka na kuvunjika vipande, na dereva akarushwa nje pamoja na kiti chake. Alifariki jioni ileile katika hospitali ya Leuven, akiwa na miaka 32. Ferrari ikajitoa katika mbio za kesho yake. Hatusemi kwamba hasira ndiyo iliyomwua. Hakuna ajuaye hivyo, na madereva wengi walikufa miaka ile bila kuwa na ugomvi na mtu yeyote. Tunachokijua ni kwamba neno lake la mwisho juu ya Pironi lilikuwa lile la kutosema naye.

Na Pironi? Hili ndilo wasimulizi hupita haraka, nasi tungependa kukaa nalo kidogo, maana aliyebaki hai ndiye anayekuja kugonga mlango wa kitubio. Mwezi Juni, huko Montreal, katika uwanja uliopewa jina la Villeneuve, alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia na akaitoa kwa heshima ya marehemu. Mbio zilipoanza injini yake ilizimika. Kijana Mwitaliano, Riccardo Paletti, aliyekuwa na miaka 23, akitokea nyuma bila kuona, akaligonga gari la Pironi kwa nguvu. Pironi alishuka akakimbia kumsaidia. Kijana alifariki. Mwezi Julai Pironi alishinda Uholanzi, na kufikia Agosti aliongoza kwa pointi 39 dhidi ya 30 za aliyemfuata. Ndipo tarehe 7 Agosti, katika majaribio ya Hockenheim, Ujerumani, mvua ikinyesha, hakuliona gari la Alain Prost lililokuwa limefichwa na ukungu wa maji. Akaligonga kwa nyuma. Miguu yake ilivunjikavunjika, na hakushindana tena katika langalanga. Ubingwa ulikwenda kwa Keke Rosberg wa Finland, na Pironi hakuupata kamwe. Kesho yake Hockenheim ilishindwa na Patrick Tambay, rafiki wa Villeneuve, aliyekuwa amekirithi kiti chake.

Prost huyohuyo alikuja kuwa na kisa chake. Mwaka 1989 alikuwa katika timu ya McLaren pamoja na Ayrton Senna wa Brazili, na walipatana kwamba atakayetangulia mwanzoni asisumbuliwe katika kona ya kwanza. Mbio zilikuwa Imola, na kona ilikuwa Tosa! Mbio zilisimamishwa kwa ajali, zikaanzishwa upya, Prost akatangulia, Senna akampita. Senna naye alikuwa na tafsiri yake ya mapatano. Uadui wao ulidumu miaka, wakagongana Japani mwaka 1989 na tena mwaka 1990. Lakini mwishoni mwa mwaka 1993, Prost alipostaafu, Senna alimvuta wakasimama pamoja juu ya ngazi ya mshindi. Juma lile la Mei 1994, kabla ya kufa palepale Imola, Senna alimtumia Prost salamu kupitia redio ya gari lake, akisema wanamkosa. Prost akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake kule São Paulo. Tofauti kati ya visa hivi viwili haiko katika ukubwa wa kosa. Wengine walipewa miaka mitano, wengine siku 13, na hakuna aliyejulishwa mapema.

Pironi alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30. Alipoweza kutembea aligeukia mbio za mashua za mwendo kasi. Tarehe 23 Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, mashua yake ilipiga wimbi la meli ya mafuta ikapinduka. Walifariki wote watatu waliokuwamo.

Mwenzi wake, Catherine Goux, alikuwa mjamzito. Mwezi Januari 1988 alijifungua mapacha wa kiume, akawapa majina: mmoja Didier, mwingine Gilles. Huyu Gilles Pironi alikua akawa mhandisi, akaajiriwa na timu ya Mercedes. Tarehe 2 Agosti 2020, timu hiyo iliposhinda huko Silverstone, ndiye aliyetumwa kupanda jukwaani pamoja na madereva kupokea kombe la timu.