Kupokea kodi baada ya notisi

Kupokea kodi baada ya notisi ni suala la sheria ya upangaji. Hutokea pale mwenye nyumba anapompa mpangaji notisi ya kuhama, kisha akaendelea kuchukua kodi. Swali ni kama kwa kufanya hivyo ameiacha notisi yake, au bado anaweza kuidai nyumba mahakamani.

Kodi ya kipindi gani

Kodi ya muda wa kabla ya notisi kwisha ni deni la kawaida, na kuipokea hakuathiri notisi. Utata huanza na fedha za muda wa baadaye, kwa kuwa anayepokea kodi huonekana kukubali kwamba upangaji bado upo.

Uingereza

Katika kesi ya Doe d. Cheny v Batten (1775), jaji Lord Mansfield alieleza kwamba linaloamua ni nia ya wahusika fedha zilipolipwa na kupokewa. Msimamo huo ulifuatwa katika Clarke v Grant (1949). Wakala wa mwenye nyumba alipokea kodi baada ya notisi kwisha, akidhani ni ya mwezi uliopita, kumbe ililipwa kwa mwezi unaofuata. Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba hakukuwa na nia ya kuanzisha upangaji mpya, hivyo mpangaji alipaswa kuhama.

Kanuni ni kali zaidi mkataba unapovunjwa kwa sababu ya kosa la mpangaji. Katika Central Estates (Belgravia) Ltd v Woolgar (No 2) (1972), karani wa wakala alidai na kupokea kodi kwa makosa, na mwenye nyumba akapoteza haki ya kuvunja mkataba kwa kosa hilo.

India na Kenya

Kifungu cha 113 cha Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya mwaka 1882 kinasema notisi huachwa kwa kitendo cha aliyeitoa kinachoonyesha nia ya kuendeleza upangaji, iwapo aliyepewa anaridhia. Mfano uliotolewa ni kupokea kodi ya muda wa baada ya notisi kwisha. Sheria hiyo ilitumika pia Kenya hadi ilipofutwa mwaka 2012.

Risiti

Ili kupunguza utata, mwenye nyumba anaweza kurudisha fedha hizo, au kuandika kwenye risiti kwamba ni malipo ya kukaa ndani ya nyumba, si kodi. Hata hivyo mahakama huangalia pia matendo yake mengine.