Kushitaki juu ya hali ya hewa: tribinali inauliza nini?

Mkulima anaweza kushitaki kampuni kubwa ya Ulaya juu ya moshi wake? Kesi moja ya Peru inatupatia jibu.

Saúl Luciano Lliuya ni mkulima wa muji wa Huaraz. Kule juu, milimani, kuko ziwa Palcacocha. Mwaka 1941 ziwa hilo lilipasuka, maji na matope vikaua zaidi ya watu elfu moja. Leo joto linayeyusha barafu ya milima, na ziwa limejaa tena.

Mwaka 2015 Lliuya alishitaki RWE, kampuni ya umeme ya Ujerumani yenye ilichoma makaa ya mawe miaka mingi. Hakuomba ilipe yote. Alisema: kama RWE ilitoa karibu nusu ya asilimia moja ya hewa chafu ya viwanda vya dunia, ilipe fungu hilo la kazi ya kulinda muji, ni kusema karibu euro 17.000.

Tarehe 28 mwezi wa tano 2025, tribinali ya rufaa ya Hamm ilikataa ombi lake. Wataalamu walikuwa wameona kwamba hatari ya maji kufika kwenye nyumba yake ni karibu asilimia 1 tu katika miaka 30. Lakini waamuzi walisema pia kwamba, kisheria, mwenye kuchafua hewa kwa wingi anaweza kudaiwa, hata kama mwenye kuumia anaishi mbali. Lliuya alishindwa, ila mlango ulifunguka.

Na kwetu? Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Mwezi wa tano 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, yaliua zaidi ya watu 400. Mvua, miti iliyokatwa, nyumba kando ya mito: sababu haiko moja. Ndiyo maana tribinali yoyote itauliza maswali matatu: Nani aliumia, na alipoteza nini? Nani alisababisha, na kwa fungu gani? Hatari ya kesho ni kubwa kiasi gani?

Avoka hawezi kujibu bila ushahidi. Basi, maji yakipita kwenu, pigeni picha na kuandika tarehe. Andikeni majina ya waliokufa, mashamba na mifugo iliyopotea, chefu wa kijiji atie sahihi. Hati za shamba mzichunge mbali na maji. Kesi inaweza kukawia miaka kumi. Karatasi ndiyo itakumbuka.