Miaka Mia ya Kusubiri Utumbo Uamke

Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka upande wa Shirati, kikapanda milima na kuingia Kisii, mji ambao Waingereza walikuwa wameufanya kituo cha utawala miaka saba tu iliyotangulia. Tarehe 12 walipambana na askari wa King's African Rifles, na pande zote mbili zikabeba majeruhi. Mwaka 1916, vita vikiwa bado vinaendelea, ikaanzishwa hapo hospitali ya kuwatibu wanajeshi wa Uingereza. Ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambako leo huletwa pia wagonjwa kutoka kaunti jirani ya Nyamira.

Abagusii, wenyeji wa Kisii, hawakuingoja hospitali hiyo ndipo wajue upasuaji. Ababari wao, yaani wapasuaji wa jadi, walikuwa wakifungua fuvu la kichwa na mgonjwa akaishi, na mwaka 1958 daktari Grounds aliandika habari zao katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Tumbo lina shida yake nyingine. Hata kisu kikifanya kazi yake vizuri na nyuzi zikashika, daktari hubaki akisubiri kitu kimoja asichoweza kukiamuru: utumbo uanze tena kutembea.

Kwa maana tumbo likishafunguliwa na utumbo ukashikwashikwa, husimama. Mawimbi yanayosukuma chakula hukoma, tumbo huvimba, mgonjwa hutapika, hewa haitoki. Kwa kawaida utumbo mwembamba huamka ndani ya saa 24, mfuko wa chakula baada ya siku moja au mbili, na utumbo mpana huchelewa kuliko vyote, siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu muuguzi wa wodi ya upasuaji humuuliza hata mtu mwenye wajukuu, bila haya yoyote: "Mzee, umetoa hewa?" Jibu la ndiyo hufurahisha wodi nzima.

Chanzo cha utumbo kusimama hivyo kilianza kujulikana mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1899, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwa mbwa kwamba kufungua tumbo huamsha mishipa ya fahamu inayouzuia utumbo. Mishipa hiyo ikikatwa, utumbo huendelea na kazi. Mwaka huohuo, Chicago, daktari Emil Ries aliandika kwamba wagonjwa wake waliofunguliwa tumbo aliwaacha wale mapema na kuinuka kitandani mapema, na walipona haraka. Yaani chanzo na sehemu kubwa ya dawa vilichapishwa ndani ya mwaka mmoja, wakati Kisii ilikuwa bado haina hata kituo cha serikali.

Ries hakusikilizwa. Madaktari walihofu kwamba chakula kitapasua mshono wa utumbo na kumwaga uchafu tumboni, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, kwa maana waliwahi kuona wagonjwa wakifa hivyo. Miaka ya 1930 Owen Wangensteen wa Minnesota akaonyesha kuwa mpira unaopitishwa puani na kufyonza hewa na maji unaweza kumwokoa mtu ambaye utumbo wake umeziba. Uliokoa wengi. Kisha ukaanza kutiwa hata kwa wasiouhitaji, ukawa desturi: mpira puani, dripu mkononi, mdomo umefungwa hadi hewa itoke.

Desturi hiyo ilimwelemea zaidi mgonjwa wa kwetu. Katika Afrika Mashariki wengi waliopasuliwa utumbo mpana walifika wakiwa tayari wamedhoofika, utumbo umejisokota wenyewe. Mwaka 1968 J. J. Shepherd wa Kampala alichapisha taarifa ya wagonjwa 425 wa namna hiyo. Mtu aliyetapika siku mbili kabla ya kufika hospitali, kumwongezea siku nne za njaa ni kumpunguzia nguvu za kuponya kidonda chake.

Mageuzi yalikuja taratibu. Mwaka 1995 watafiti waliojumlisha majaribio 26, yenye wagonjwa karibu 4,000, waliona kwamba mpira wa puani hauna haja ya kutiwa kwa kila mtu. Mwaka 1999 Henrik Kehlet na mwenzake, huko Denmark, walieleza habari za wagonjwa 16 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana: waliondolewa maumivu kwa sindano ya mgongoni badala ya mofini nyingi, wakalishwa na kutembezwa mapema, na wengi wakarudi nyumbani baada ya siku mbili. Miaka 100 kamili tangu Ries. Mwaka 2001 majaribio 11 yaliyojumlishwa pamoja hayakuonyesha faida yoyote ya kumnyima mgonjwa chakula. Hilo lingepaswa kumaliza ubishi.

Baadaye hata dripu ikachunguzwa. Nottingham, mwaka 2002, wagonjwa 20 waligawanywa makundi mawili, na waliopewa maji na chumvi kidogo mfuko wao wa chakula uliamka mapema zaidi, kwa sababu maji mengi huvimbisha hata kuta za utumbo. Mwaka huohuo Wajapani walijaribu chingamu, kwani kutafuna huudanganya utumbo kuwa chakula kinakuja. Faida yake ilionekana kubwa mwanzoni, ikapungua pale wagonjwa walipokuwa tayari wanakula. Na mwaka 2012, huko Heidelberg, wagonjwa 80 walipewa kahawa au maji ya moto: wa kahawa walipata choo baada ya saa 60 hivi, wa maji saa 74. Nafurahi kuliandika hili kuhusu Kisii, mojawapo ya sehemu chache za Kenya ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa miaka ya 1930.

Kahawa basi ipo, na uji wa wimbi haukosekani Nyamira. Kigumu ni maumivu. Mofini huulaza utumbo uleule tunaotaka uamke, nayo sindano ya mgongoni inataka mtaalamu wa nusukaputi na muuguzi wa kumwangalia mgonjwa usiku kucha. Kumwinua mtu mwenye kidonda kibichi tumboni kunataka watu wawili wenye subira. Naamini hapo ndipo fedha za kaunti zinapopaswa kwenda kwanza, kwa mikono hiyo, kabla ya mashine.

Wala si kila utumbo uliosimama umelala tu. Ikifika siku ya nne au ya tano tumbo bado limejaa, homa imepanda, mapigo ya moyo yanakimbia na mgonjwa hataki kuguswa, huenda mshono umevuja. Huyo hapewi kahawa wala kutembezwa. Daktari huitwa saa hiyohiyo, na mara nyingi thieta hufunguliwa tena.