Kabla ya risasi za 1922, ilikuwa rupia

Kila Machi 16 ikifika, wanaokumbuka mauaji ya mwaka 1922 kwenye kituo cha polisi kilicho kando ya Barabara ya Harry Thuku, Nairobi, humtaja Thuku na Mary Muthoni Nyanjiru. Wanastahili. Lakini ugomvi wa fedha uliowafikisha watu pale unazidi kusahaulika.

Fedha ya hapa wakati huo ilikuwa rupia, na hadi Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilikuwa pauni 1. Baada ya vita rupia ikapanda. Mlowezi aliuza kahawa na katani London kwa pauni, ila deni la benki na mishahara ya vibarua alilipa kwa rupia, kwa hiyo kila rupia ilimgharimu zaidi. Walowezi wakataka kiwango cha zamani, benki zikapinga, na mwaka 1920 London ikakata shauri: rupia moja, shilingi mbili. Ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, chini ya bodi iliyokaa hukohuko London.

Kibarua hakuulizwa. Bei za mazao zilipoanguka, walowezi waliazimia mwaka 1921 kumkata mshahara kwa theluthi moja, kana kwamba yeye ndiye aliyepandisha rupia. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepanda kutoka rupia 5 hadi 8, yaani shilingi 16.

Juni 1921, malalamiko hayo yalisikika katika mkutano wa Dagoretti. Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika Hazina, akaongoza chama kilichovuka mipaka ya kabila. Alikamatwa Machi 14, 1922.

Siku ya pili yake umati ulizidi kufurika nje ya kituo alikozuiliwa, na Machi 16 wajumbe wa umati huo walirudi kutoka serikalini wakiwasihi watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo Nyanjiru akainua nguo yake juu, akawaambia waichukue na wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea hadi kwenye bayoneti, askari wakafyatua. Thuku aliandika kwamba hata Wazungu waliokuwa kwenye baraza la Hoteli ya Norfolk walifyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, Nyanjiru akiwemo.

Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Kenya ilitoa sarafu yake mwaka 1966. Januari 2024, dola moja ilivuka shilingi 160, na kibarua wa Kawangware akaumia dukani bila kuwahi kuishika dola. Walimu wa historia wanaofundisha risasi za 1922 waanze na rupia.